Wapenzi Wetu wa Ashburn

Ukitaka kujua ni mji gani duniani unaoipenda Ngorongoro kupita kiasi, usiwasumbue watu wa Bodi ya Utalii. Fungua takwimu za tovuti ndogo yoyote ya huku: ya nyumba ya wageni ya Karatu, ya kambi ya mahema kando ya Ziwa Natron, au ya kikundi kinachouza asali ya Digodigo. Kwenye orodha ya miji wanakotoka wageni una nafasi nzuri ya kukutana na Ashburn, jimbo la Virginia, Marekani. Watu wa Ashburn ni wa ajabu. Wanaingia saa nane za usiku, wanafungua ukurasa wa bei, wanafungua historia ya kikundi ambayo hata mwenyekiti wa kikundi hajawahi kuisoma, wanatoka bila kuaga, na kesho wanarudi kusoma yaleyale. Mwenye tovuti akiona hivyo anamwita fundi aongeze picha, maana soko la Marekani limefunguka. Miezi inapita, asali iko palepale kwenye ndoo, na Ashburn bado wanasoma. Hakuna anayemwambia kwamba wasomaji wake hawana mdomo wa kulia asali. Ashburn ni miongoni mwa sehemu zenye maghala mengi zaidi ya kompyuta duniani, na wengi wa hao wageni ni programu zinazozunguka usiku na mchana kukusanya maandishi, kukagua viungo, kutafuta mlango uliosahaulika kufungwa na, siku hizi, kuilisha akili unde.

Kampuni ya usalama wa mitandao ya Imperva ilieleza katika ripoti yake ya 2025 kwamba mwaka uliotangulia mashine ziliwapita binadamu kwa kutembea mtandaoni: asilimia 51 ya mizunguko yote. Imperva inauza kinga dhidi ya roboti, kwa hiyo tuisikilize kwa tahadhari ile tunayompa muuza vyandarua anapotuhesabia mbu. Hata tukimpunguzia nusu, bado mbu ni wengi. Zana za takwimu hujitahidi kuyachuja maroboti yanayojulikana. Yasiyojulikana hupita mlangoni na kuandikwa kitabuni kama wageni waheshimiwa. Kama tatizo lingeishia hapo lingekuwa la kuchekesha tu. Dai langu ni zito kidogo kuliko hilo. Zana hizi huhesabu kile kilicho rahisi kwao kukihesabu, kisha hutukabidhi hesabu hiyo kama jibu la swali ambalo hatukuuliza. Kwa duka kubwa la London kosa hilo ni dogo, kwa sababu lina wateja wengi wa kulifunika. Kwa tovuti ya Digodigo kosa hukua hadi namba ikakaribia kusema kinyume kabisa cha mambo yalivyo.

Tuanze na swali la mgeni ametoka wapi. Digodigo iko katika nchi ya Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi, huko kaskazini mwa wilaya ya Ngorongoro. Mtu akiwa pale, amekaa kivulini, akafungua kwa bando la simu tovuti ya kikundi cha kijiji chake, mara nyingi ataandikwa kuwa yuko Dar es Salaam. Zana haimwoni yeye. Inaiona anwani ya intaneti ya kampuni ya simu, na mizunguko ya simu za nchi nzima hutokea kwenye malango machache. Kwa hiyo ripoti ya mwezi inaweza kuonyesha wasomaji 60 wa Dar es Salaam na wa Digodigo sifuri, na mshauri wa masoko, aliyekwisha kulipwa, akashauri kikundi kiweke bango Kariakoo. Tusidhani haya ni ya nchi zetu peke yake. Karibu na mji mdogo wa Potwin, jimbo la Kansas, kuna shamba lililoteswa kwa miaka na polisi, watu wa kodi na raia waliotapeliwa, wote wakitafuta wezi wa mtandaoni. Kampuni ya MaxMind, inayouza ramani za anwani za intaneti, ilikuwa na desturi kwamba anwani isiyojulikana ilipo, ila iko Marekani, iwekwe katikati ya nchi. Katikati ya nchi pakaangukia kwenye shamba la watu. Mwandishi Kashmir Hill alipolifichua jambo hilo mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimepangishwa pale bila mwenye shamba kupata hata kodi ya mwezi mmoja. Ramani haikusema uongo kwa makusudi. Ilijaza nafasi iliyokuwa wazi, na fomu iliyojazwa yote hupendeza kuliko fomu ya kweli.

Kosa la mahali linaweza kusameheka. Lisilosameheka ni la wale wasiohesabiwa kabisa. Kwa kawaida kihesabio hupakiwa pamoja na ukurasa, mara nyingi baada ya picha ya simba, picha ya machweo na ule mchoro unaozunguka kukuambia usubiri. Ukurasa wa wastani duniani sasa unazidi megabaiti mbili. Mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, msomaji hukata tamaa kabla kihesabio hakijaamka, na asiyeamsha kihesabio hakuja. Ripoti basi hutengenezwa na wenye mtandao mzuri tu, na mwenye tovuti huambiwa kwa rangi ya kijani kwamba ukurasa wake una kasi. Chris Zacharias, aliyekuwa mhandisi wa YouTube, alisimulia mwaka 2012 jinsi alivyoupunguza ukurasa wa video kutoka megabaiti 1.2 hadi kilobaiti 98. Wakaujaribu kwa watazamaji, na wastani wa muda wa kufunguka ukapanda. Ukurasa mwepesi zaidi ya mara kumi, na takwimu zinasema umekuwa mzito! Walipochimba wakaona sababu: watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na Siberia, ambao kwao ukurasa wa zamani ulihitaji dakika 20, sasa waliweza kuufungua kwa dakika mbili. Walikuwa hawahesabiki kwa sababu walikuwa hawafiki. Walipofika, wakaharibu wastani. Meneja anayeangalia dashibodi peke yake angerudisha ukurasa mzito, akapongezwa kwa kuongeza kasi, na pengine akapewa cheti.

Sasa tumchukue aliyefika, akahesabiwa, na ni mteja wa kweli. Google Analytics ya sasa humtambua mgeni kuwa amejishughulisha iwapo amekaa zaidi ya sekunde kumi, au amefungua kurasa mbili, au amefanya tendo ambalo mwenye tovuti ameliweka kuwa muhimu. Mfanyabiashara wa Arusha anayehitaji ndoo tano za asali anafungua ukurasa, anaiona namba ya simu pale juu, anapiga. Sekunde saba. Isipokuwa fundi awe ameifundisha zana kuhesabu aliyebofya namba (na mafundi wengi huondoka wakishalipwa nusu ya kwanza), mteja huyo ataandikwa kuwa aliingia akachukia akatoka. Yule aliyeuacha ukurasa wazi usoni pake ndani ya basi huku akibishana na kondakta juu ya chenji ataandikwa kuwa amevutiwa sana. Ukurasa ulioandikwa vizuri, unaompa mtu anachotaka mara moja, unashushwa daraja. Ulioificha namba ya simu chini ya hadithi ndefu ya uoto wa asili unapanda. Fundi mwaminifu wa namba ataishia kuificha namba.

Halafu kuna kisanduku kiitwacho "moja kwa moja", ambamo zana huwaweka watu inaodhani wameandika anwani ya tovuti kwa mkono. Katika biashara ndogo za Tanzania kisanduku hiki hufura kuliko vyote, nami ningependa kukutana na Mtanzania anayekariri anwani yenye herufi 31 na kistari katikati. Ukweli ni kwamba viungo hupitishwa kwenye makundi ya WhatsApp: kundi la ukoo, la kwaya, la waliosoma pamoja, la kamati ya harusi iliyokwisha miaka mitatu iliyopita na bado inatumiana salamu za asubuhi. Kiungo kikibofywa humo mara nyingi hakibebi jina la kilikotoka, na zana, kwa kuona haya kusema haijui, inasema "moja kwa moja". Mwandishi wa Marekani Alexis Madrigal aliandika kuhusu upande huu wa giza wa mtandao mwaka 2012, na kwao kilikuwa kisa cha kushangaza. Kwetu huo ndio mtandao wenyewe.

Mshauri akibanwa sana hukimbilia majaribio. Tutengeneze kurasa mbili, atasema, moja yenye kitufe cha kijani na nyingine yenye cha rangi ya chungwa, tuone ipi inauza. Google walifanya hivyo; mwaka 2009 mbunifu Douglas Bowman aliondoka huko akilalamika kwamba walikuwa wakipima aina 41 za rangi ya bluu. Lakini Google wana mamilioni ya watu kwa siku. Tuseme tovuti ya asali ina wageni 40 wa kweli kwa wiki, na kati ya kila 100 wawili hupiga simu. Kutambua kwa uhakika unaokubalika kwamba kitufe kipya kimewapandisha kutoka wawili hadi wawili na nusu, kanuni za kawaida za takwimu zinadai wageni wapatao 14,000 kwa kila ukurasa, yaani 28,000. Kwa wageni 40 kwa wiki hiyo ni miaka 13 na ushei. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza siku kitufe kilipowekwa atakuwa amemaliza kidato cha sita, na kikundi bado hakijaamua rangi. Pamoja na hayo, zana zitampa mwenye tovuti jibu kila wiki, lenye mshale wa juu au wa chini, kwa sababu hakuna aliyezifundisha kunyamaza.

Wapo watakaosema hoja hizi ni za mtu anayeogopa maendeleo, na kwamba bila matangazo ya mtandaoni yaliyopimwa nchi ya Wasonjo haitajulikana. Hao wamesahau mwaka 2011. Samunge, kijiji jirani na Digodigo, hakikuwa na tovuti, wala mshauri, wala kitufe. Kilikuwa na mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Habari zikaenda kwa meseji, kwa redio, kwa magazeti na kwa jirani kumwambia jirani. Ikafika Machi mwaka huo foleni ya magari ikaripotiwa kuwa na urefu wa kilomita 26, helikopta zikatua porini, na mzee mwenyewe akaomba watu wasije kwanza hadi msongamano upungue. Ni mtangazaji gani aliyewahi kulazimika kuwasihi wateja wake wabaki nyumbani? Na tazama jina lililoshinda. Magazeti yalimwita Babu wa Loliondo, ingawa Loliondo mjini ni mbali na pale. Watu waliuliza njia ya Loliondo, wakapitia nchi ya Digodigo bila kujua jina lake. Wanaouza huduma ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji hutoza fedha nyingi kueleza jambo hilohilo, kwamba anayetafutwa ni yule mwenye jina ambalo watu wanalo tayari mdomoni.

Lakini Samunge inanikata na mimi, na ni haki ikubaliwe. Kama ningekuwa mtu wa kuabudu foleni, ningesema foleni ile ilithibitisha dawa. Haikuthibitisha. Kilomita 26 za magari zilithibitisha kwamba watu wengi walikuwa wagonjwa, walikuwa na matumaini, na walikuwa na shilingi 500. Wapo waliofia foleni ile, na hilo si la kuchekea. Idadi ya waliokuja ni jambo moja, kilichowapata baadaye ni jambo jingine, na umati ulipopungua hakuna kihesabio kilichobaki kueleza la pili. Kwa hiyo sitetei minong'ono dhidi ya kompyuta. Wingi wa wanaokuja, wawe kwa magari au kwa vidole, haujibu swali la nini kimetokea.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: bila namba mtu anaendesha gari usiku bila taa. Nakubali namba zinahitajika. Nabishia mpangilio. Watu wa Digodigo na vijiji vya jirani wamekuwa wakigawana maji ya chemchemi kwa mifereji kwa vizazi vingi, na mwanaanthropolojia Robert Gray, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu Wasonjo, alieleza mgawo uliokwenda kwa zamu za saa sita chini ya wazee waitwao wenamiji. Hakuna aliyehesabu lita. Maji ya chemchemi hupanda na kushuka, na lita za leo hazimwambii mtu chochote kuhusu kesho. Ugomvi wa mfereji unatokana na swali moja, zamu hii ni ya nani, na kipimo kilichochaguliwa ni kile kinachojibu swali hilo: muda. Walianza na ugomvi wakaishia kwenye kipimo. Sisi tunaanza na kipimo kilichokuja bure na barua pepe, kisha tunatafuta ugomvi wa kukitumia. Hoteli kubwa za ukingo wa kreta, zenye ofisi ya masoko Arusha au Nairobi na maelfu ya wageni wa tovuti kwa mwezi, zinao ugomvi wa kutosha: matangazo yapi yalipwe, nchi ipi inaghairi safari, wakala yupi anakula kamisheni bure. Hao wanunue zana na wazitumie. Kikundi cha asali kina swali moja, nani amenunua na alitujuaje, na hakuna mchoro wa duara wenye rangi nne utakaolijibu.

"Lakini ni bure," anasema fundi. Bure ina bili zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume iliyoundwa na sheria hiyo na kueleza anazikusanyia nini. Kikundi ambacho hakijawahi kufungua ripoti ya takwimu kitajieleza vipi? Kwamba vidakuzi vilikuja na kiolezo? Tena kilicho cha bure huondoka kinapotaka. Toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea hesabu mpya tarehe 1 Julai 2023, na mwaka uliofuata hesabu za zamani zikafungiwa. Waliokuwa na kumbukumbu za miaka kumi na hawakuzipakua walibaki na picha za skrini. Daftari la kaunta la shilingi elfu chache, likiwekwa mbali na panya, lina rekodi nzuri kuliko hiyo.

Pendekezo langu kwa hiyo ni la kimaskini. Ukurasa mmoja mwepesi, picha mbili zilizopunguzwa uzito, bei, na namba ya simu pale juu. Kama lazima kuwe na kihesabio, kiwe kile kinachohesabu kurasa bila kumfuata mtu hadi nyumbani. Vipo, na kimoja kama Matomo unaweza kukiweka kwenye seva yako mwenyewe. Ila chombo ninachokiamini ni laini ya simu ya pekee, ambayo namba yake haijaandikwa mahali popote ila kwenye tovuti. Ikiita, tovuti imefanya kazi. Isipoita, haijafanya, hata Ashburn wote wakija na watoto wao. Na tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa Januari 2020, mpigaji anayetumia laini ya Tanzania ana angalau uhakika wa kuwa na vidole, jambo ambalo hakuna roboti la Virginia linaloweza kujivunia.

Mwenye nyumba ya wageni Karatu atasema kwake laini haitoshi, kwa kuwa mgeni wake hakupiga simu, aliletwa. Ni kweli, na hapo ndipo takwimu za tovuti hupotosha vibaya zaidi. Mgeni wa Ujerumani aliyelala Karatu usiku mmoja kabla ya kushuka kreta, kwa kawaida hakuichagua nyumba ile. Aliichagua ofisa wa kampuni ya safari huko Arusha, aliyefungua tovuti mara moja, akatazama bei ya jumla na kama kuna maegesho ya Land Cruiser, akafunga. Ripoti itaonyesha Wajerumani 300 waliosoma kuhusu kifungua kinywa na Arusha mmoja aliyekimbia. Matangazo yote yataelekezwa Ujerumani. Ukimuuliza mgeni mwenyewe mapokezi alituonaje, atajibu "mtandaoni", kwa sababu ni neno fupi na anataka ufunguo. Kwa hiyo swali hilo aulizwe dereva aliyemleta, anayejua ni ofisi gani iliyomtuma.

Laini ya pekee nayo ina uchafu wake, nisije nikaonekana nauza dawa. Namba ikishakaa hadharani wiki mbili, itapokea ule ujumbe maarufu unaoagiza "ile pesa" itumwe kwenye namba nyingine, utakaotoka kwa watu wasiokudai na wasiokujua. Itapigiwa na waliokosea namba. Katika daftari la mwezi kunaweza kuwa na wanunuzi wawili, matapeli watano, na mzee mmoja aliyekosea namba, akadhani anaongea na shemeji yake, akaeleza kwa dakika 12 kwa nini ng'ombe wa mahari hawajafika. Kwa vigezo vya Google Analytics mzee huyo ndiye mgeni bora wa mwezi. Kwenye daftari anaandikwa hivyohivyo alivyo, na kando yake mweka hazina ameandika: huyu hakununua, lakini tumekubaliana tumpelekee chupa moja.